Kupanga hifadhi ya bahari pamoja na wenyewe: vile mimi hufanya kabla na baada ya kushuka pwani

Ramani yangu ya kwanza niliichora hapa hapa Nairobi, kwa laptopu, gorofa ya nne, chai kando. Ilikuwa safi sana. Nikaiprinti kubwa, nikaikunja, nikapanda treni Syokimau, kesho yake asubuhi niko chini ya mwembe kwa banda la wavuvi nikiwaonyesha eneo lenye rangi nyekundu ambalo "tunapendekeza" lifungwe. Mzee mmoja nahodha akaiangalia kwa muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, ramani yako hii ni ya kaskazi. Ya kusi i wapi?" Sikuelewa swali. Watu walicheka, na mi nikacheka pia, alafu usiku kwa gesti ndio nikaanza kuelewa na kicheko kikaisha.

Manake ni hivi. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, bahari imetulia na mwenye mashua anaweza kutoka nje ya mwamba akavue mbali. Kusi ikiingia, Aprili mpaka huko Oktoba, mawimbi ni makubwa, mwenye mtumbwi au ngalawa ndogo hatoki, anavua hapo ndani ya mwamba tu. Na ule wekundu wangu ulikuwa umekalia hapo hapo ndani. Yaani nilikuwa nimekuja kuwafungia jiko miezi sita saba na nikiita hiyo kushirikisha jamii.

Sasa hizi ndio hatua ninazofuata siku hizi. Ni za mtu wa kazi, sio za kitabu.

Hatua ya 1: Jua nini bado kinaweza kubadilika, na useme mapema

Hii inafanywa Nairobi kabla hujakata tiketi. Uliza ofisini: hili eneo ni paki ya bahari au ni rizavu? Kwa paki hakuna kuvua kabisa, kwa rizavu uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Malindi na Watamu ni paki tangu 1968, kwa hiyo usiende kule ukawauliza watu kama wangependa paki au la, utakuwa unawachezea. Lakini mpango wa usimamizi una mambo mengi ambayo bado yako wazi: mashua za watalii zinafunga nanga wapi, wavuvi wanapitia mlango gani kwenda nje, zana gani zitumike kwa rizavu, doria inafanywa na nani, pesa kidogo inayobaki kijijini inaamuliwa na nani. Mi huandika karatasi moja yenye sehemu mbili, yaliyofungwa kisheria na yaliyo wazi, na hiyo karatasi ndio ya kwanza kusomwa kwa mkutano.

Ukitaka kujua ukiruka hii hatua inakuwaje, angalia Diani-Chale kule Kwale. Ilitangazwa rizavu mwaka wa 1995, wenyeji wakapinga, na miaka ikapita iko kwa gazeti la serikali tu, baharini haionekani. Na sheria yenyewe iko upande wako ukifanya vizuri, sheria ya wanyamapori ya 2013 kifungu cha 44 inataka kila eneo la hifadhi, la bahari likiwemo, liendeshwe kwa mpango, na Katiba kifungu cha 10 imeweka ushiriki wa wananchi kama msingi. Lakini usianze miting kwa kusoma vifungu jamani, watu watalala.

Hatua ya 2: Panga tarehe kwa mwezi wa mbinguni, sio wa ukutani

Kosa la watu wa Nairobi ni kupanga mkutano Jumanne saa nne asubuhi kwa sababu Jumanne saa nne ni taimu nzuri Nairobi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na za mwezi kuandama, maji yanakupwa sana asubuhi kuelekea adhuhuri, na hapo ndio kina mama wa pweza wako mwambani na vijiti vyao. Ukiita mkutano siku ya bamvua utawakosa wote, alafu ripoti yako itaandika "wanawake hawakujitokeza". Walikuwa kazini! Maji mafu, zile siku za nusu mwezi ambazo maji hayakupwi sana, ni afadhali. Ijumaa waachie watu msikiti, Ramadhani usiwabebeshe mkutano wa mchana kutwa, na kama wavuvi hutoka usiku basi asubuhi wamelala, nenda alasiri. Piga simu kwa katibu wa BMU, yaani kile chama cha wavuvi kinachosimamia ufuo wao, umuulize tu "maji yakoje wiki ijayo?" Hilo swali moja litakufungulia milango mingi kuliko barua yenye muhuri.

Hatua ya 3: Usiishie kwa BMU

BMU iko kisheria tangu kanuni za 2007 na lazima upitie kwao, hiyo ni heshima na pia ni utaratibu. Lakini kuna watu ambao bahari ni yao na kwa ile rejista hawako, au wako na hawaongei. Kina mama karanga wanaonunua samaki wadogo na kukaanga. Waokota pweza. Vijana wa mashua za watalii. Tajiri mwenye nyavu, ambaye haji mkutanoni lakini ndiye anaamua kijana avue na nini kesho, juya, ule wavu mkubwa wa kukokota, limekatazwa tangu 2001 na bado unaliona, sasa muulize nani amelinunua. Na kuna wageni wa dago, wale hupiga kambi msimu wa kaskazi, wengine wanatoka Pemba, wanavua wiki kadhaa wanahama. Kila lawama huwa ni ya dago, "wao ndio wanaharibu", kwa sababu hawapo kujibu. Nenda kwao kambini, kunywa kahawa, sikiliza.

Mi hukutana na kila kundi peke yake kwanza. Ukiwachanganya siku ya kwanza, wenye mashua wataongea masaa matatu na mama karanga atakuambia "wamesema yote".

Hatua ya 4: Ramani ichorwe na wao, na ziwe mbili

Hapa ndio kazi yenyewe, tenga siku mbili, sio saa mbili. Laptopu iache kwa begi. Tandika karatasi kubwa za kahawia chini, au chora mchangani kabisa kama upepo sio mkali, na kalamu mpe mtu mwingine asiyekuwa wewe. Waanze na majina. Kila mwamba una jina, kila mkondo, kila mlango, kila fungu la mchanga, na jina mara nyingi ni habari tosha: litakuambia samaki gani walikuwa hapo, au nani alizama hapo, au ni mahali wazee walikuwa wakitoa sadaka na hapafai kuchezewa. Ukishapata majina uliza nani anatumia, kwa zana gani, mishipi, malema (ile mitego ya kusuka), nyavu, au kwa miguu tu.

Alafu chora ya pili. Ya kwanza ya kaskazi, ya pili ya kusi. Ziweke kando kwa kando na utanyamaza mwenyewe, huhitaji hotuba. Mahali ambapo ramani zote mbili zina watu wengi, usipaguse kwa wazo la kufunga bila mazungumzo marefu. Mahali ambapo ya kusi iko tupu lakini ya kaskazi imejaa, hapo kuna nafasi ya kuongea kuhusu kufunga kwa msimu.

Onyo: mvuvi hatakuambia ukweli wote wa sehemu yake nzuri, na usimlazimishe. Ni kama kumuuliza mwenye kibanda soko la Gikomba bei anayonunulia. Chora duara kubwa, usiweke nukta ya jipiesi, na picha ya ramani usiirushe kwa grupu la WhatsApp la ofisi kabla hujapewa ruhusa.

Hatua ya 5: Ongea kufunga kwa lugha ya hasara

Usianze na faida, wamezisikia. Anza na: tukifunga hapa, nani anakosa nini, kwa muda gani, na atakula nini? Andika majina ya makundi na hasara yao ubaoni mpaka watu waseme imetosha.

Mifano ya jirani husaidia kuliko slaidi. Kuruwitu kule Kilifi wenyeji walitenga sehemu yao karibu hekta 30, katikati ya miaka ya 2000, wakaiita tengefu, na samaki wakarudi. Kama bajeti inaruhusu, wapeleke watu watano, na wawili wawe wabishi kabisa, wale wa "haiwezekani". Wakirudi, wao ndio watabishana na wenzao, wewe utakuwa umekaa. Na kama watu wanaogopa kufunga milele anza na pweza, anakua haraka na maisha yake ni mafupi, kwa hiyo kumpumzisha miezi michache kunaonekana kwa macho. Andavadoaka huko Madagaska walianza hivyo 2004.

Hatua ya 6: Posho

Sema wazi siku ya kwanza ni nauli na chakula, ni kiasi gani, na ni sawa kwa wote. Usimlipe mwenyekiti mara mbili. Tuendelee.

Hatua ya 7: Rasimu isomwe kwa sauti

Mpango ukishaandikwa Nairobi unarudi na kurasa mia na kitu za Kiingereza na hapo watu hupotezwa tena. Toa kurasa nane kwa Kiswahili, zisomwe zote kwa sauti hapo bandani, na mwisho weka jedwali la safu tatu: mlisema nini, tumeandika nini, na kama hatukuandika ni kwa nini. Hiyo safu ya tatu inauma. Kuna siku nilikuwa na mistari kumi na moja kwa hiyo safu na nikatamani kuificha, nikaisoma tu. Walikasirikia miwili, ile mingine tisa wakasema sawa, "angalau umetuambia". Ile miwili tuliirudia mpaka magharibi.

Hatua ya 8: Kurudi

Ramani zote mbili zinabaki kijijini, ukutani, zimewekwa plastiki maana chumvi inakula karatasi. Wewe beba picha. Na kabla sijapanda treni kurudi huku kwenye baridi mi huandika tarehe mbili kwa simu, moja ya kusi na moja ya kaskazi, maji mafu zote, nampa katibu azione na yeye aziandike zake. Nisipotokea ananipigia.