Kusakinisha plagini za zamani za After Effects CS6 kwenye Windows 7

Plagini ni programu ndogo inayoongezwa ndani ya After Effects, programu ya Adobe ya kutengeneza madoido ya video. Anza na biti, yaani kama plagini ni ya biti 32 au 64. After Effects iliachana na biti 32 ilipotoka CS5 mwaka 2010, kwa hiyo plagini ya Windows iliyotengenezwa kwa ajili ya CS4 kurudi nyuma haitafunguka ndani ya CS6 hata ukiiweka mahali pake. Kwa kuikagua, nakili faili la plagini (lenye mwisho wa .aex) pembeni, ifungue nakala hiyo kwa Notepad na utafute herufi PE karibu na mwanzo. Zikifuatiwa na L, ni ya biti 32, achana nayo. Zikifuatiwa na d yenye alama kama msalaba ubavuni, ni ya biti 64. Funga bila kuhifadhi, maana Notepad huharibu faili la namna hii.

Windows 7 haipati viraka vya usalama vya kawaida tangu Januari 2020. Pakua faili kwenye kompyuta mpya zaidi, lipitishe kwenye antivirasi, kisha lihamishe kwa flashi. Mtengenezaji akiwa amechapisha namba ya SHA256 (alama ya kutambulisha faili, hubadilika faili likiguswa), ilinganishe na utakayopewa na amri hii:

certutil -hashfile jina.exe SHA256

Kreki, yaani toleo lililovunjwa leseni, usiiguse kabisa. Kisakinishi huomba ruhusa za msimamizi, na ukishazikubali, chochote kilichofichwa humo kinapata kompyuta nzima pamoja na kazi za wateja.

Bonyeza Windows+R, andika SystemPropertiesProtection, utengeneze pointi ya kurejesha, ya kuirudisha Windows ilivyokuwa mambo yakiharibika. Nakili pia folda hii kwenye diski nyingine:

C:\Program Files\Adobe\Adobe After Effects CS6\Support Files\Plug-ins

Funga After Effects, kisha sakinisha plagini moja tu. Fungua programu, iweke kwenye leya, renda sekunde chache, ndipo uende kwenye ya pili. Ukiweka kumi kwa mpigo na programu ikagoma kufunguka, utatafuta mkosaji mchana kutwa. Likikukuta hilo, usifute kitu: zungushia jina la folda ya plagini mabano, mfano (Zamani), na After Effects itairuka.

Plagini ikikataa kufunguka, namba mbili za makosa hujirudia. Namba 193 mara nyingi ni biti zisizolingana. Namba 126 ni faili la msaada lililokosekana, mara nyingi la Visual C++, mafaili ya Microsoft (DLL) yanayotegemewa na programu nyingi: msvcr80.dll ni ya toleo la 2005, msvcr90.dll la 2008, msvcr100.dll la 2010. Chukua kifurushi kizima cha x64 (biti 64) kutoka Microsoft. Tovuti zinazogawa DLL mojamoja ni mlango wa virusi.

QuickTime, programu ya Apple ya video, ndiyo ngumu. CS6 huihitaji kwa faili nyingi za MOV, lakini Apple iliacha kuitunza kwenye Windows mwaka 2016 ikiwa na matundu ya usalama yanayojulikana. Ukilazimika kubaki nayo, ondoa kompyuta hiyo kwenye intaneti, na usifungulie humo video usiyojua imetoka wapi.