Jahazi la dirishani na jahazi la kuchezea: kuuza kazi za Lamu Ulaya bila tangazo kufungwa

Nauza kazi za mikono kwa mtandao kutoka chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Langoni, Lamu: kofia za kushonwa kwa mkono, mikoba ya tanga kuukuu, pete za fedha zenye vigae vya sahani za kale, na majahazi madogo ya mbao kutoka Matondoni. Julai 2024 mkataba wa biashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulipoanza kutumika, tulishangilia ushuru sufuri. Desemba mwaka huohuo matangazo yangu kumi na manne yakatoweka machoni mwa wanunuzi wa Ulaya. Soko la mtandaoni ninalouzia lilikuwa limeniandikia mara tatu. Nilidhani ni matapeli, nikafuta.

Kilichotokea ni kwamba tarehe 13 Desemba 2024 kanuni mpya ya Ulaya ya usalama wa bidhaa, namba 2023/988, ilianza kufanya kazi. Ushuru na usalama ni milango miwili. Mmoja kuwa wazi haukufungulii wa pili. Kanuni hii inagusa karibu kila bidhaa isiyo chakula wala dawa anayouziwa mtu wa kawaida, hata ukiuza moja kwa mwezi. Udogo wa duka hauna msamaha.

Anza na swali la fundi wangu. Nilipompelekea mjomba oda ya majahazi ishirini, aliniuliza, "Hili ni la kutezea au ni la kuwekwa dirishani, mwanangu? La kutezea silitii misumari." Mimi kwenye tangazo nilikuwa nimeandika "zawadi nzuri kwa mwanao". Sentensi hiyo ndiyo iliyoniponza. Ulaya, kitu kilichokusudiwa kuchezewa na mtoto wa chini ya miaka 14 ni kichezeo, na kichezeo kina sheria yake nzito: alama ya CE (tamko la mtengenezaji kwamba kitu kinafuata sheria za Ulaya), vipimo, na majalada ya ushahidi. Jahazi lilelile, likiuzwa kama pambo la mtu mzima, linabaki chini ya kanuni ya jumla, ambayo mtu wa Langoni anaweza kuimudu.

Usidhani basi unaweza kuandika "si kichezeo" na mambo yakaisha. Wanaangalia kitu chenyewe. Jahazi lenye magurudumu na macho ya kuchorwa ni kichezeo hata uapie msahafu. Kwa hiyo nilibadilisha kazi kwanza, maneno baadaye: kamba halisi, tanga la kitambaa, kitako cha kusimamishia, picha ikapigwa juu ya meza ya kuandikia, na yule mtoto wa jirani aliyekuwa ameshika jahazi kwenye picha ya zamani nikamtoa. Pitia matangazo yako yote leo ukitafuta neno "mtoto". Utashangaa umelitupa wapi na wapi.

Ukiamua kwa makusudi kuuza vichezeo, tafuta maabara na uweke bei inayolipa maabara. Kwa kujipima tu mimi na mjomba tulifunga dumu la lita kumi kwenye mlingoti, kwa kuwa kipimo cha Ulaya cha kuvuta sehemu za vichezeo hufika nyutoni 90, karibu kilo tisa. Milingoti mitatu kati ya mitano iling'oka. Tukaacha habari ya vichezeo.

Sasa linalouma wengi: lazima awepo mhusika aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, mwenye jina na anwani, anayebeba dhamana ya bidhaa yako. Kuna kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa ada ya mwaka. Niliyoiuliza ilitaka zaidi ya faida yangu ya miezi minne. Wengine hapa mtaani wanamwandikisha shangazi aliyeolewa Italia. Kama shangazi haelewi kwamba ndiye atakayeulizwa na serikali ya huko na kuonyesha karatasi, mnamtia mashakani. Wala usitume kifurushi kimeandikwa "zawadi", huo ni udanganyifu wa forodha juu ya kosa la kwanza.

Mimi nilichukua njia ya tatu. Duka dogo la Hamburg hununua vipande ishirini au thelathini kwa mkupuo, kwa bei ya jumla. Hapo wao ndio waagizaji, jina lao linaingia kwenye lebo pamoja na langu, na dhamana ya mhusika wa Ulaya ni yao. Faida kwa kipande imepungua, lakini nimelala usingizi. Rejareja nawauzia Wakenya na Waingereza. Kanuni hii haitumiki Uingereza, isipokuwa Ireland ya Kaskazini, ambako inatumika. Uingereza nayo ina kanuni zake za mwaka 2005.

Kwenye lebo na kwenye tangazo, mnunuzi aone jina lako, anwani ya posta na ya barua pepe, mhusika wa Ulaya, picha ya bidhaa, namba ya kuitambua, na maonyo kwa lugha ya nchi anayoishi. Fomu ya soko ilining'ang'aniza niandike barabara na namba ya nyumba. Langoni, barabara ipi! Sanduku la posta na 80500 Lamu vinatosha. Namba yangu ni rahisi: P-0625-B ni pete, Juni 2025, fundi wa pili. Maonyo ya Kijerumani naandikiwa na duka lenyewe. Usimwachie kijana wa ufukweni anayejua kusema tu.

Kanuni inataka pia jalada la kila bidhaa, lakini halihitaji ofisi. Nina daftari la mraba na folda kwenye simu. Kila bidhaa ina maelezo, picha, imetengenezwa kwa nini, inaweza kumdhuru mtu vipi, na nimefanya nini kuzuia. Vitunze miaka 10. Kuuliza maswali hayo ndiko kunakofichua mengi:

Mikoba ya tanga niliiandika "pamba". Nilipochoma nyuzi, nyingine zilinuka karatasi iliyoungua na kubaki jivu, nyingine ziliyeyuka zikawa kijidonge kigumu: poliesta. Sheria ya nguo ya Ulaya inataka nyuzi za kofia zitajwe kwa ukweli, na mkoba nao ukiuandika "pamba", iwe ni pamba kweli. Kwa mkoba ambao kiberiti kimenitia shaka, siandiki asilimia mpaka nimepata jibu la kupimwa. Rangi za kitambaa nazo, omba pakiti na uipige picha, kwa sababu baadhi ya rangi za azo (aina ya rangi za kiwandani) zimepigwa marufuku kwenye nguo zinazogusa ngozi.

Pete ndizo za hatari zaidi. Nikeli inayotoka kwenye pete na kuingia kwenye ngozi ina kikomo, kadimiamu, metali yenye sumu, isizidi asilimia 0.01 ya uzito, na madini ya risasi asilimia 0.05. Tatizo huwa kwenye lehemu, kwa maana lehemu za fedha za zamani zilikuwa na kadimiamu. Mwulize fundi ananunua wapi, na hesabu ya kupima kipande kimoja kwa kila shehena ya fedha uitie kwenye bei.

Wanja wa manga, udi na mafuta ya kujipaka, nimeacha kabisa kupeleka Ulaya. Wanja mara nyingi una risasi, na vipodozi vinataka ripoti ya mtaalamu wa usalama. Gamba la ng'amba usiliguse, huko ni kesi ya wanyamapori.

Mwezi wa Agosti duka la Hamburg lilinijulisha kwamba kidole cha mnunuzi mmoja kimewasha chini ya pete. Nilifungua daftari: P-0625-B, pete sita, fedha ya muuzaji mpya. Tukasimamisha mauzo siku hiyohiyo, duka likawaandikia wanunuzi wawili na kuwarudishia pesa. Angeumia mtu vibaya, au pete zingethibitika kuwa za hatari, ingebidi taarifa ipelekwe serikalini kwao kupitia tovuti maalumu ya Ulaya bila kukawia. Pete nne zilizobaki zilirudi Lamu kwa posta, na fundi akaziyeyusha mbele yangu.