Jinsi ya Kupatana Bei na Kuchagua Zawadi katika Masoko ya Sudan

Mtu aliyekulia katika Kiswahili huingia soko la Sudan akiwa na akiba ya maneno ambayo pengine hajui kuwa anayo. Soko kule ni «suq», duka ni «dukan», kitu cha bei kubwa ni «ghali», na cha bei nafuu ni «rakhis», neno ambalo kwetu limekuwa rahisi. Akiba hiyo haitoshi kuendeshea mazungumzo marefu, lakini inatosha kuyaanzisha, na katika masoko haya yule anayeanza vizuri ndiye anayepunguziwa bei.

Jambo la kwanza ni kuangalia hali ya usalama kabla ya kupanga safari. Vita kati ya jeshi na wanamgambo wa RSF, vilivyozuka tarehe 15 Aprili 2023, viliharibu vibaya soko kubwa la Omdurman, ambalo mizizi yake inafika enzi ya dola ya Mahdi, kiongozi wa dini aliyeuondoa utawala wa Misri, mwishoni mwa karne ya 19, na ambalo lilisifika kwa vichochoro vyake vya masonara, mafundi wa ngozi na wauza manukato. Jeshi lilirejea mjini Khartoum mwezi Machi 2025 na wafanyabiashara wakaanza kufungua maduka tena, ila kufunguliwa kwa maduka si sawa na kutengemaa kwa mji. Upande wa mashariki kuna Port Sudan na Kassala, mji ulio chini ya milima ya Taka, ambako Warashaida huuza mapambo ya fedha na Wabeja huuza majambia na panga zenye ala za ngozi. Asiyeweza kufika huko atavikuta vingi vya vitu hivi katika maduka ya Wasudan waliokimbilia Kairo. Popote uendapo, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ndani ya Sudan kwenyewe ni afadhali uache kamera kabisa.

Ukifika dukani, usiulize bei kabla ya salamu. Salamu za Wasudan ni ndefu. Huulizana hali, familia na afya, na mwenye duka akikukaribisha chai, kuikubali hakukufungi kununua. Mwanamke wa makamo mwite «ya khala», yaani mama mdogo, na mwanamume mzee mwite «ya amm». Kisha shika kitu, kikague, ndipo uulize «bikam?», yaani ni kiasi gani. Akitaja bei, usikimbilie kuikata nusu kama kanuni. Kwa maoni yangu wauzaji wengi wa Sudan hawapandishi bei kwa kiwango hicho, na dau la chini mno huonekana kama kuidharau kazi ya fundi. Taja kiasi ambacho kweli uko tayari kulipa, uongeze kidogo kidogo, na mkikaribiana uulize «akhir kalam?», yaani neno la mwisho ni lipi. Ukikubaliwa kwa bei uliyoitaja mwenyewe, kununua ni wajibu. Kuondoka wakati huo ni utovu wa adabu.

Hesabu ya fedha inahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 2007 pauni mpya ilichukua nafasi ya dinari, pauni moja kwa dinari 100, na dinari yenyewe ilikuwa imechukua nafasi ya pauni 10 za zamani. Kwa miaka mingi baadaye watu waliendelea kuiita pauni moja mpya «elfu». Kwa hiyo mwombe muuzaji aandike tarakimu au akuonyeshe noti, kwani ugomvi mwingi hutokana na sifuri na si udanganyifu. Nenda na fedha taslimu. Usitegemee kadi ya benki ya nje.

Zawadi ninayoipendekeza kuliko zote ni jabana, dele la udongo la kahawa lenye shingo nyembamba na tumbo la mviringo. Kwa kuwa kitako chake hakina ubapa, huketishwa juu ya kata iliyosukwa, na mdomoni huzibwa kwa nyuzi zinazochuja kahawa iliyopikwa kwa tangawizi. Pamoja nalo huja vikombe vidogo visivyo na mkono, na pengine kinu na kikaango cha kukaangia buni. Kabla ya kulipa, omba maji, lijaze, na usubiri dakika kadhaa uone kama linavuja; kisha ligonge kwa ukucha, kwani lenye ufa hutoa sauti butu. Patana bei ya seti nzima kwa pamoja, maana kipande kimoja kimoja kitakugharimu zaidi.

Tabag, kawa la rangi nyingi la kufunikia sinia, lipindue utazame upande wa ndani: msuko uwe umebana, na kitambaa chenye unyevu kisitoke na rangi. Kwa dhahabu, bei ya gramu hubadilika kila siku na hujulikana na wote, kwa hiyo kinachopatanwa ni ujira wa sonara peke yake. Ubuyu na ukwaju vinauzwa tele, ila hivyo unavyo nyumbani. Afadhali karkade, maua makavu ya choya, ukichagua yaliyo mazima na mekundu ya kuiva.

Usinunue pembe za ndovu, wala viatu vya ngozi ya chatu au chui, hata kama muuzaji anasema ni vya zamani. Usiguse kabisa sanamu, shanga au vipande vya mawe vinavyodaiwa kutoka makaburini. Makumbusho ya Taifa mjini Khartoum yaliporwa wakati wa vita hivi, na kila anayenunua kitu cha namna hiyo anawalipa walioipora historia ya Kush, ufalme wa kale wa Sudan.

Katika kufunga mizigo, majambia yaende kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Chupa za khumra, manukato mazito ya maharusi, zifunge kwa nailoni mara mbili, kwani harufu yake ikimwagika haitoki kwenye nguo. Jabana lizungushie kitambaa, uweke karkade ndani ya tumbo lake, na ulibebe mkononi.