Jina la Kale kwa Binti: Namna ya Kulichagua

Nimezalisha Tanga miaka mingi, na siku hizi wazazi vijana wananijia na ombi moja: "Bibi, tupe jina la zamani." Mimi sigawi majina. Nawaambia wafanye hivi.

Hatua ya 1: Kaa na wazee mapema. Usiseme "nipeni jina zuri", watakutajia la jirani. Uliza bibi mzaa baba aliitwa nani, na mama yake je? Utasikia Mwanahamisi, Chausiku, Mashavu, Somoe, Subira. Andika yote, hata yanayokuchekesha.

Hatua ya 2: Uliza kila jina lilitokana na nini. Hapa usiwe na haraka. Mwanajuma kazaliwa Ijumaa, Mwanaidi siku ya Idi, Pili ni wa pili. Ukimwita Chausiku mtoto aliyetoka saa nne asubuhi, mashangazi watakucheka mpaka arobaini. Mengine yana machungu ndani. Tabu si jina la mchezo. Mtumwa na Kijakazi mara nyingi walipewa watoto waliotanguliwa na maziko, ili kifo kimdharau huyu, kimpite. Hata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, alianza akiitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mheshimiwa, lilikuja baadaye. Mimi Tabu nisingempa mtoto. Subira, ndiyo.

Hatua ya 3: Mwenye jina akiwa hai, mwendee umwombe. Atakuwa somo wa mtoto, na ukimruka utasutwa. Kama ni mama mkwe wako, jiulize pia: utaweza kumkaripia mtoto kwa jina hilo, naye amekaa barazani? Ndiyo maana nyumba nyingi zina kasichana kanakoitwa "Bibi".

Hatua ya 4: Simama mlango wa jikoni, uliite kwa sauti. "Mwanahamisiii! Lete sufuria!" Linavutika, linafika mpaka kisimani. Urefu usikutishe, litajifupisha lenyewe: Mwanajuma huwa Mwajuma, Mwanaisha huwa Mwanasha.

Hatua ya 5: Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, uende nayo kuandikisha. Mjukuu wangu aliandikwa "Mwana Hamisi", vipande viwili. Tulihangaika miezi na cheti kile, maana Hamisi lilisomeka kama baba yake, na baba yake ni Salimu. Kisome palepale dirishani.