Kabla hujawasha moto kulainisha brasi

Watu wakinipigia kuuliza habari ya kulainisha brasi ya bangili (shaba iliyochanganywa na zinki, unaipasha moto ili ikunjike bila kupasuka) wanaanza na moto, uwe mkali kiasi gani, dakika ngapi, mimi nawauliza hiyo brasi umeitoa wapi. Hapa Katwe, Kampala, skrapu inauzwa kwa kilo na ukiimwaga chini yote ni ya njano, koki za zamani, vitasa, vipande vya shiti (bamba). Sasa brasi ya koki mara nyingi ina risasi kidogo ndani (risasi ile madini) ili ikatike vizuri kwenye mashine ya kukereza, na hiyo ukiigonga ikiwa ya moto inamegeka kama biskuti. Ya kugonga tafuta shiti, ile ya shaba asilimia 70 na zinki 30 ndo nzuri zaidi.

Maganda ya risasi za bunduki nayo ni mchanganyiko huo huo, na kiwandani wanayalainisha kwa moto maana brasi kila ukiikunja inakuwa ngumu, ikizidi inapasuka. Waingereza walishaona hayo India, maganda yaliyokaa karibu na mazizi ya farasi msimu wa mvua yakawa yanapasuka yenyewe, kumbe ni amonia ya mkojo imekutana na brasi iliyobanwa. Ila wewe ukiokota ganda kwenye skrapu usilitie motoni hata kama linaonekana tupu, acha hapo hapo uite polisi.

Halafu kivuli. Hapa ndo nimeharibu mali nyingi. Bangili yangu ya kwanza niliipashia nje saa saba mchana, jua kali, nasubiri iwe nyekundu, siuoni wekundu, naongeza gesi, ghafla ikalegea ikalala juu ya tofali kama ugali mwepesi. Brasi inatakiwa wekundu hafifu sana, kaa linaloelekea kuzimika, na huo unauona kwenye giza giza tu, juani huuoni. Ikipita digrii 900 hivi inaanza kuyeyuka, na zinki inachemka kwenye 907, ukiona moshi mweupe toa moto haraka na utoke, maana huo moshi jioni unakupa homa na kutetemeka utadhani malaria. Kwa hiyo kivuli sawa lakini hewa ipite.

Tofali liwe la kuchoma na liwe kavu, usipashie juu ya sakafu ya zege, inaruka vipande. Kitu chenye uwazi kilichozibwa kitoboe kwanza. Nguo pamba, nailoni hapana.

Ndoo ya maji weka karibu, brasi sio kama chuma cha kisu, ukiitia majini haigeuki ngumu, we subiri tu wekundu uishe kwanza. Weusi wa moto unatoka kwa maji ya ndimu au siki, ila usiingize koleo ya chuma humo, brasi itatoka na rangi ya waridi utashindwa kumwelezea mteja.

Na amueni mapema kona ipi ya meza ni ya vitu vya moto, maana brasi ya digrii 300 na ya baridi kwa macho zinafanana kabisa. Kwetu ni kona ya ndoo, mteja akiingia anaambiwa hapo usiguse kabla hata ya kusalimiwa, na bado kuna mmoja alishika.