SR-22: Leseni ya Marekani iliyosimamishwa, na bima isiyotakiwa kukatika

Leseni ikisimamishwa Texas kwa ulevi au kwa kuendesha bila bima, pamiti ya Uganda haikuokoi. Kilichozuiwa ni haki yako ya kuendesha katika jimbo lile, si kadi tu. Mara nyingi utadaiwa SR-22, ambayo si bima: ni cheti kinachotumwa na kampuni ya bima kwa jimbo kuthibitisha kwamba una bima, na bima hiyo ikikatika jimbo litaarifiwa.

Anzia tovuti ya idara ya leseni ya jimbo lililokusimamisha. Ingiza namba ya leseni usome unachodaiwa: ada, kozi, fomu. Kisha uliza kampuni kama inatoa SR-22, maana si zote. Ada ya fomu ni ndogo. Kinachouma ni bei ya bima, kwani sasa unahesabiwa dereva wa hatari. Kiwango cha chini Texas ni 30/60/25: dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, 25,000 kwa mali uliyoharibu. Florida, kwa kesi ya ulevi, wanataka FR-44, cheti kama SR-22 lakini chenye kiwango cha juu zaidi, yaani 100/300/50, kwa hiyo ushauri wa binamu aliye jimbo lingine usiubebe mzima mzima.

Huna gari? Omba bima ya non-owner, yaani ya dereva asiyemiliki gari. Lakini haifai kwa gari la mwenzio unayeishi naye.

Majina yaandike kama yalivyo kwenye leseni, hata kama pasipoti inatanguliza la ukoo. Yakipishana, fomu inaweza kukwama. Na usiwashe gari mpaka tovuti ionyeshe kwamba leseni iko hai.

Wengi huangushwa na safari ya Entebbe. Mtu anakuja nyumbani miezi miwili, gari limelala, anasimamisha bima aokoe pesa. Kampuni inatuma SR-26, taarifa kwa jimbo kwamba bima imekatika, leseni inafungwa tena mwenyewe akiwa Mbale, na ada ya kuifungua inalipwa upya. Gari lilale, bima isilale. Ukiliuza, hamia non-owner kabla ya kufuta bima ya zamani. Kadi inayolipia ikiisha muda, piga simu mapema: saa mbili asubuhi ya Houston ni saa kumi jioni Kampala, au kumi na moja wakati wa baridi kwao.

Texas hudai SR-22 kwa miaka 2, California kwa kawaida 3. Kabla ya kuiambia kampuni iiondoe, pata tarehe ya mwisho kutoka idara yenyewe, kwa maandishi.