B-52 ya kuwinda manowari (meli za kivita): jinsi ninavyoichezesha mezani

Hapa Entebbe tunacheza vita vya baharini ilhali nchi yenyewe haina bahari. Wacheke tu. Unahitaji meza ya mita mbili, visoda vya kuwa meli, dadu za ludo, kitenge cha kutundika katikati ili wapinzani wasionane, na mwamuzi asiye na upande.

Hatua ya 1: ndege. Chukua B-52G, ndege kubwa ya Marekani ya kudondosha mabomu, ya miaka ya 1980. Ilikuwa imeshazeeka, lakini Marekani ikafunga makombora 12 ya Harpoon, ya kupiga meli, chini ya mabawa ya baadhi yake, zikakaa kwenye kambi za Loring, Maine, na Andersen, Guam. Usiipe mabomu ya kawaida. Kwenye vita vya Midway, 1942, ndege za Marekani za B-17 zilidondosha mabomu kutoka juu sana na hazikupiga meli hata moja, maana meli inayokimbia huyakwepa. Ichukulie B-52 kama lori: kazi yake ni kubeba mzigo mwingi na kuufikisha mbali.

Hatua ya 2: vipimo. Sentimita 1 ni kilomita 2. Harpoon ipe kilomita 120, yaani sentimita 60. Ingerushwa kutoka hapa Entebbe, ingeipita Kalangala kabla ya nusu ya safari.

Hatua ya 3: nani anamwona nani. Hapa ndipo wageni hushindwa, nami nilishindwa pia. Dunia ni mviringo, na rada haioni nyuma ya mgongo wake. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa kwenda juu kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita ambazo rada inafika. Ndege iliyo mita 10,000 juu inapata 412. Antena ya meli iliyo mita 25 inapata kama 21. Jumlisha: 433, meza nzima! Wewe unaiona meli, nayo inakuona. Mchezo wangu wa kwanza nilibaki huko juu kwa raha zangu, mpwa wangu akaniangusha zamu ya pili.

Shuka hadi mita 100. Sasa hesabu ni 41 na 21, kilomita 62, sentimita 31 tu. Kombora lako linafika mara mbili ya hapo. Tatizo: huko chini nawe umekuwa kipofu.

Hatua ya 4: macho ya kuazima. Ongeza ndege moja ya doria, P-3 Orion. Ikiiona meli, mwamuzi anakunong'oneza mahali ilipo, ila habari hiyo ikufikie zamu moja baadaye. Bila ucheleweshaji huo mchezo hauna ladha.

Hatua ya 5: kufyatua. Harpoon huchukua kama dakika nane kumaliza kilomita 120. Mruhusu mpinzani asogeze manowari hadi sentimita 4, ndipo urushe dadu. Weka na meli mbili za mizigo karibu: kombora huwasha rada yake mwishoni, na halisomi bendera. Likikuta ya mizigo kwanza, imekula kwako.

Mkishazoea, wape B-52 mabomu ya kutega majini badala ya makombora, na mwamuzi ayachore kwenye karatasi yake peke yake.